Treni mpya Glasgow, ngazi ni zilezile

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu reli ya chini ya ardhi ya Glasgow, Uskoti, jiji ninaloishi. Ilifunguliwa mwaka 1896, na mahandaki yake ni membamba, yenye kipenyo cha mita 3.4 hivi, kwa hiyo treni zake hutengenezwa kwa kipimo maalumu. Treni mpya zilizoanza kazi Desemba 2023 ni nzuri kwa kweli: abiria hupita kutoka behewa moja hadi jingine, na kuna nafasi ya kiti cha magurudumu. Hata hivyo, kati ya vituo 15, ni Govan na St Enoch tu vyenye lifti.

Juzi nilimwona bibi mmoja akishuka ngazi kwa mkongojo, akipumzika kila baada ya hatua tatu, huku treni yenye nafasi aliyoihitaji ikiondoka bila yeye. Nawasihi wahusika, kabla ya kuutekeleza mpango wao wa treni zisizo na dereva, watafute kwanza fedha za lifti, hata ikiwa ni kituo kimoja kwa mwaka.

Msomaji wako,
Glasgow