Barua kwa wazazi: mwisho wa muhula wa kwanza

Lubumbashi, Desemba

Wapendwa baba na mama,

Poleni na kazi. Buletini za matokeo ya watoto zitatolewa Ijumaa asubuhi, na masomo yataendelea Januari. Yaliyobaki ni habari za popo, maana najua zimeshafika hadi majumbani kwenu.

Watoto wa darasa la kwanza waliona madonge makavu chini ya mwembe wa shule, wakauliza nani ameyatema. Mwalimu wao hakuwapa jibu. Aliandika swali ubaoni, na maswali yakazidi kuongezeka: Popo ni ndege? Anataga mayai? Mbona haanguki akilala kichwa chini? Wakayapekua madonge kwa kijiti, bila kuyagusa kwa mkono, wakakuta nyuzi za embe. Kumbe popo hutafuna tunda, akameza maji yake, akatema makapi.

Bawa ndilo lililowashangaza kuliko yote. Mwalimu alitandaza kipande cha kitenge juu ya vidole vya mtoto mmoja, akamwambia avitanue. Wakaona wenyewe kwamba bawa la popo ni mkono: vidole virefu, na ngozi imetanda katikati. Kuhusu mayai, jibu walilipata pia: popo huzaa na kunyonyesha.

Wakasikia tena kwamba miezi hii, ng'ambo ya mpaka, huko Kasanka nchini Zambia, popo wa matunda hukusanyika kwa mamilioni. Mtoto mmoja akauliza kama wa kwetu nao huenda huko. Swali hilo bado liko ubaoni.

Baadhi yenu mlikuja na wasiwasi wa uchawi na magonjwa, nami nawashukuru kwa kuja. Uchawi, hapana. Popo wa matunda hueneza mbegu za miti, na wale wadogo hula wadudu usiku kucha. Lakini magonjwa yapo kweli, kama kichaa cha mbwa na homa ya virusi iitwayo Marburg. Kwa hiyo sheria yetu ni moja: kutazama ruksa, kugusa marufuku, hata popo akiwa amekufa. Embe lililoumwa litupwe. Mtoto aking'atwa au akikwaruzwa na popo, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, mumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Likizoni, jioni moja, kaeni na mtoto wenu nje giza likianza kuingia, muwatazame popo wakipita. Akiuliza msilolijua, msimkaripie. Aliandike kwenye daftari, aje nalo Januari; ubao tumeuacha bila kufutwa.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule