Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Shule, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wanachama wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi wetu, wazee wa mtaa mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza, na wanafunzi wenzetu: asalaam aleikum, na nyote kwa jumla, hamjambo.

Mheshimiwa, twashukuru mno kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu Malindi, na karibu katika chama chetu. Sisi hukutana alasiri, baada ya masomo, katika chumba ambacho asubuhi ni darasa. Tunasoma habari za utafiti mpya wa fizikia, kemia, biolojia na tiba, tunazieleza kwa Kiswahili mpaka kila aliyepo aelewe, kisha tunaulizana: jambo hili latuhusu nini sisi watu wa Pwani? Tungependa leo ukisikie kile tulichokikuta.

Tuanzie Ngomeni, jirani yetu hapa Malindi. Wazee waliopo hapa waikumbuka minara ya chuma ya Waitaliano iliyosimama baharini, jukwaa la San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa lile ikiwa na setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo isitufikie, kwa hiyo chombo cha kuichunguza hakina budi kupelekwa juu ya hewa. Na kukirusha karibu na ikweta kuna faida, kwani mzunguko wa dunia wenyewe huiongezea roketi kasi. Uhuru ilifanya kazi kwa miaka miwili na ushei, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wataalamu waanze kuamini kwa dhati kwamba mashimo meusi, yenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka, yapo kweli. Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Na Malindi haijaachwa nyuma tangu hapo. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004 kuwinda milipuko ya miale ya gama, hushusha taarifa zake katika kituo cha hapa hapa kwetu, kule Ngomeni. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO kule Marekani na Virgo kule Italia ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, kutoka kwa nyota mbili za nutroni, masalia mazito mno ya nyota zilizolipuka, zilizogongana umbali ambao nuru huusafiri kwa miaka milioni 130. Swift ilielekezwa upande huo, ikaona mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, wa mlipuko ule. Kutokana na tukio hilo ulipatikana ushahidi mzito kwamba metali nzito, dhahabu ikiwemo, huundwa nyota za aina hiyo zinapogongana. Mama aliyevaa kipini cha dhahabu katika hadhara hii huenda amevaa mabaki ya mgongano wa namna hiyo, uliotokea kabla jua letu halijakuwapo.

Mheshimiwa, katika chama chetu hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia katika kituo kile. Tutalirudia jambo hili.

Sasa tuje kwenye homa. Malaria haina haja ya kuelezwa mbele ya wazazi waliokesha na mtoto mwenye degedege. Lakini wengi hawajui ni kiasi gani cha vita dhidi yake kimepiganwa Kilifi, mwendo wa matatu kutoka hapa. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilianza pale mwaka 1989. Kimelea cha malaria kina hila: hubadilika umbo mara kadhaa ndani ya mwili, na kila umbo huonekana kigeni mbele ya kinga. Ndiyo maana chanjo yake ilichukua miongo. Chanjo zilizopo sasa, RTS,S na R21, hulenga umbo la kwanza kabisa, lile ambalo mbu analiingiza anapouma na ambalo hukimbilia kwenye ini. Huufundisha mwili kuitambua protini iliyo juu ya ngozi ya kimelea, ili ukiwahi kabla hakijajificha ndani ya ini.

RTS,S iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021, baada ya kutolewa kwa watoto wa Kenya, Ghana na Malawi. R21 ilifuata Oktoba 2023. Watoto wa Kilifi na wa Bagamoyo, ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, walikuwa katika jaribio la R21 pamoja na watoto wa Mali na Burkina Faso. Katika mwaka wa kwanza, maeneo yenye malaria ya msimu yalipata kinga ya asilimia 75, na maeneo kama yetu, ambako mbu hana likizo, asilimia 68. Si asilimia mia. Chandarua bado kinahitajika, na twawaomba wazazi wasikigeuze wavu wa kuvulia dagaa. Lakini kupunguza visa vya malaria kwa asilimia 68 ni kuwaepusha watoto wengi mno wa Pwani na homa, na mwaka 2023 bei ya dozi moja ya R21 ilitangazwa kuwa kati ya dola 2 na 4.

Kwale nako, mwaka 2025, ulitangazwa utafiti ambao sisi umetufurahisha kwa urahisi wa wazo lake. Watu hupewa dawa ya aivamektini, dawa ya siku nyingi ya minyoo na upele. Mbu akimuuma aliyeimeza, hufa yeye. Maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 kuliko pale ambapo haikutolewa.

Kuna ugonjwa mwingine, Mheshimiwa, ambao twaomba utuvumilie tuuzungumze kwa urefu, kwa sababu unao wenzetu madarasani. Ni selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu kwa kasoro ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mtoto anapatwa na maumivu ya mifupa, macho yanageuka manjano, anakosa shule majuma kadhaa, na majirani wananong'ona kuwa amerogwa. Hakurogwa. Amerithi jeni mbili za ugonjwa, moja kwa baba na moja kwa mama, na hakuna wa kulaumiwa peke yake. Watafiti wa Kilifi wamechangia sana kuonyesha kwa nini jeni hii imejaa Pwani: aliyerithi moja tu haugui, tena hukingwa vikubwa dhidi ya malaria kali. Malaria ndiyo iliyoifanya jeni hiyo idumu vizazi kwa vizazi. Aliyerithi mbili ndiye anayelipa gharama yote.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, ya kwanza ya aina yake duniani, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Seli shina za damu za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa kwa CRISPR, chombo cha kukata na kurekebisha jeni, ambacho kiliwapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Kinachofanyika ni kuuondoa mfungo unaozuia mwili kutengeneza himoglobini ile ya utotoni, ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina kasoro hiyo. Kisha uboho wa mgonjwa husafishwa kwa dawa kali, na seli zilizohaririwa hurudishwa. Ni kazi ya akili ya ajabu, na bei yake Marekani ilipoidhinishwa mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa hivyo chama chetu kina maoni yake, na tunayasema mbele yako bila kuyazungusha. Matokeo yaliyo makubwa zaidi kwa mtoto wa Malindi ni yale yaliyochapishwa mwaka 2019, ambayo magazeti hayakuyapigia kelele. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza, ilijaribiwa kwa watoto wenye selimundu Kilifi, Uganda, Angola na Kongo ya Kinshasa. Maumivu yalipungua. Kuongezewa damu kulipungua. Malaria ilipungua. Vifo vilipungua. Hadi hapo ilikuwa ikihofiwa kwamba dawa hiyo ingewadhuru watoto wa nchi zenye malaria. Hofu hiyo iliondolewa kwa ushahidi uliokusanywa hapa. Tunaomba mtoto wa Malindi aipate dawa hiyo kila mwezi bila kukosa, na kila mtoto anayezaliwa apimwe damu mapema, mama ajue kabla homa ya kwanza haijamwandama mwanawe.

Katika kemia, mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi. Waliunda fuwele zilizofumwa kwa metali na molekuli za kaboni, ndani zikiwa na uwazi kila mahali, kama sega la nyuki. Gramu chache zina eneo la ndani la kutosha uwanja wa mpira. Katika uwazi ule gesi hunaswa, na hata mvuke wa maji: Yaghi na wenzake wameyatoa maji kutoka kwenye hewa ya jangwa la Arizona, usiku fuwele zikinyonya unyevu na mchana joto la jua likiutoa. Yaghi alizaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, katika nyumba ambayo maji yaliifikia kwa nadra. Sisi tunaochota visima vyenye chumvi, huku hewa ya kaskazi na kusi ikiwa na unyevu tele, twaifuatilia kazi hii kwa hamu.

Mengine tuyapitie upesi. Fizikia ya 2025 iliwatuza John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, walioonyesha sheria za kwantamu, zile za ulimwengu wa atomu, zikifanya kazi katika saketi unayoweza kuishika mkononi. Tiba ya mwaka huo iliwatuza Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kugundua seli zinazoizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe, na wenye kisukari cha utotoni wana sababu ya kuisubiri kazi hiyo. Sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka kuzuia VVU, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya zaidi ya 2,100 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Na programu ya akili unde iitwayo AlphaFold imekisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200. Waundaji wake, Demis Hassabis na John Jumper, waliigawana Nobel ya Kemia ya 2024 na David Baker. Maumbo hayo yamewekwa wazi, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Shule yetu haina ya kutegemewa.

Bahari yetu pia ina lake. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa silakanti nje ya Malindi, samaki ambaye hadi mwaka 1938 alidhaniwa kutoweka zamani za mijusi wakubwa. Utafiti wa 2021, uliosoma pete ndogo ndogo katika magamba, ulionyesha kwamba huishi karibu miaka mia, jike hupevuka akikaribia miaka 60, na mimba hudumu yapata miaka mitano. Nahodha anayemtupia nyavu samaki wa namna hii ajue kwamba kumrejesha kizazi chake kutachukua umri wa babu.

Na katika pango la Panga ya Saidi, ndani ya kaunti yetu, ilipatikana mifupa ya mtoto wa miaka kama mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu, kichwa kikiwa kimeegemezwa. Hayo ndiyo maziko ya kale zaidi ya binadamu yanayojulikana barani Afrika, yaliyotangazwa mwaka 2021. Mkenya Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Taifa alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Mifupa ile, kwa udhaifu wake, ilipelekwa Nairobi, kisha Hispania, ndiko kulikokuwa na vifaa vya kuichambua.

Hapo ndipo penye ombi letu, Mheshimiwa. Roketi iliruka kwetu, damu iliyopimwa ni yetu, samaki ni wetu, pango ni letu. Tunataka na anayeshika hadubini awe wetu. Profesa Faith Osier, Mkenya, alitumia miaka mingi Kilifi akichunguza kinga ya malaria. Tungependa wasichana wa chama hiki wamwone mtu wa aina yake ana kwa ana, wasiishie kumsoma.

Kwa hiyo twaomba ofisi yako iandike barua ya kutufungulia milango ya kituo cha Ngomeni na maabara za Kilifi, angalau ziara moja kila mwaka kwa kidato cha tatu. Twaomba maabara yetu ipate maji ya bomba, gesi, na hadubini za kutosha ili katika mtihani wa vitendo mwanafunzi asisubiri zamu mpaka muda uishe. Twaomba intaneti inayofanya kazi hata baada ya saa za masomo. Na katika basari za kaunti, wakumbukwe wenzetu wenye selimundu, ambao karo zao huliwa na hospitali.

Sisi kwa upande wetu tutaendelea kueleza, kwa Kiswahili, mitaani na kwenye vikao vya wazazi, kila tunachojifunza. Ukimaliza kuhutubia, wanachama watakuongoza uwanjani uone chombo chao cha kutenganisha chumvi na maji ya kisima kwa joto la jua. Watakuomba uyaonje.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Sayansi.