Mwanangu, Anza na Kanda Tupu

Columbus, Ohio

Mwanangu Neema,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Uliniambia kwenye simu kwamba umepata mtu wa kubadilishana naye kanda za video za michezo ya zamani ya televisheni, ile ya kushindania zawadi, ila unaona haya kwa kuwa huna cha kumpa. Mimi pia nilianza mikono mitupu. Mtumie kanda tupu mbili, moja akurekodie, ya pili iwe yake, na stempu za kurudishia mzigo. Ndivyo nilivyopokelewa.

Kabla hujakubali, muulize nakala yake ni ya ngapi tangu ile iliyorekodiwa hewani. VHS, yaani kanda hizi za video za nyumbani, kila ikinakiliwa hufifia rangi, na sauti huingia mvumo. Ikifika ya tano, utatazama chenga. Uliza na mwendo wa deki. Kanda ya T-120 hubeba saa 2 kwa mwendo wa kawaida, saa 6 kwa ule wa taratibu, na wengi walibana matumizi wakajaza zote 6. Picha ikiwa mbaya usiikatae upesi, huenda hakuna nyingine.

Vituo vyenyewe havikutunza. Jeopardy!, mchezo wa maswali ulioongozwa na Art Fleming, ilionyeshwa na kituo cha NBC kuanzia 1964 hadi 1975, na vilivyobaki ni vipindi vichache mno. Kanda za studio zilikuwa ghali, kwa hiyo walizifuta wakarekodia mambo mengine. Hilo huniuma mpaka leo. Watu wale walisimama pale, wakajibu mbele ya nchi nzima, kisha wakafutwa.

Ninayempenda kuliko wote ni Michael Larson, mtu wa huku huku Ohio. Alirekodi nyumbani kwake Press Your Luck, mchezo wa kituo cha CBS ambao mshindani husimamisha taa zinazokimbia kwenye ubao wa zawadi, akawa anaisimamisha picha na kuitazama tena na tena, hadi akagundua kuwa taa za ule ubao hukimbia kwa mipangilio mitano tu. Akaikariri yote. Katika mchezo ulioonyeshwa Juni 1984, aliondoka na dola 110,237, fedha na zawadi. Mchezo wake ulikuwa mrefu hata CBS ikaugawa siku mbili. Mimi nilikaa miaka na sehemu ya kwanza peke yake, mpaka mzee mmoja wa Indiana akanipa ya pili kwa kanda sita zangu.

Ukipata kanda ya asili, vunja kile kijino cha plastiki mgongoni kabla hujaitia kwenye deki, isije ikarekodiwa juu. Usiitume popote, tuma nakala yake. Matangazo ya biashara yaache yalivyo. Na kwenye orodha yako taja kila kasoro. Niliwahi kunyamazia dakika zilizokatika, na yule niliyemtumia hakuniandikia tena.

Nimekufungia kanda kumi na moja. Ya juu ina mwandiko wa mama yako: "USIFUTE." Alinirekodia mwaka 1985 nikiwa kazini, zamu ya mchana. Dakika tano za mwanzo hazimo.

Baba yako