Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Pita wa Gede

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia pita, ndege wa msituni mwenye rangi nyingi (kwa Kiingereza African Pitta), aliyeonekana kwenye msitu wa Gede, pwani ya Kenya, asubuhi ya kipupwe mwezi Julai, kwenye matembezi yetu ya kutazama ndege ambayo wengi walitarajia ndege wa kawaida kama hondohondo na shore tu.

Pita huzaliana kusini mwa Tanzania, Msumbiji na Zimbabwe wakati wa mvua za mwisho wa mwaka, kisha huja kukaa kwenye misitu ya pwani yetu, takriban Aprili hadi Oktoba. Kuwapo kwake Julai si ajabu. Ajabu ni kumwona, maana akiwa huku halii sana na mgongo wake wa kijani hupotea kivulini. Kilichomfichua ni mchakacho wa majani makavu. Huruka hatua mbili tatu, akasimama tuli, kisha akapindua jani kwa mdomo kutafuta mchwa na konokono. Akigeuka ndipo huonekana tumbo jekundu na madoa ya buluu bawani.

Mchakacho huo hudanganya. Sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, naye hupekua majani palepale, ila akishtuka hukimbia akipiga mkia chini. Ndege aitwaye kurumbiza wa kichwa chekundu pia hushuka chini, lakini uso na tumbo lake ni rangi ya chungwa.

Napendekeza vikundi vya matembezi visizidi watu sita: hatua kumi, kisha kimya cha dakika mbili. Msicheze sauti za ndege kwenye simu. Njia zifagiliwe, lakini majani ya ndani ya msitu yaachwe, ndiyo jiko lake.

Orodha zetu za Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, zinahitaji uangalifu. Orodha kamili hutaka angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja wa ramani, na ndege wote waandikwe kwa mpangilio walivyoonekana. Anayeandika pita akaruka kunguru ameiharibu orodha, kwa sababu haitaonyesha tena nani kapungua.

Mwisho, taa. Pita husafiri usiku. Taa kali humvuta akagonga ukuta au kioo. Wenye nyumba karibu na msitu wazime taa za nje miezi anayokuja na kuondoka. Ukimkuta amezimia, mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, bila chakula wala maji. Akisimama imara, mwachie ukingoni mwa msitu.

Naomba mkutano upitishe utaratibu wa vikundi vya watu sita kabla ya Aprili.