Programu za kuandaa marejeleo ya insha na tasnifu

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa wengi wenu mmeanza kuandika rasimu za tasnifu, napendekeza mtumie Zotero, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ambayo huhifadhi taarifa za kila chanzo na kuwaandalia orodha ya marejeleo mnapoandika kwa Word, LibreOffice au Google Docs. Mwenye insha fupi atatosheka na ZoteroBib, isiyohitaji kufungua akaunti: unabandika ISBN (namba ya utambulisho) ya kitabu au anwani ya ukurasa, nayo inakutengenezea rejeo kwa mtindo wa APA, MLA au Chicago.

Hata hivyo, programu hizi hunakili taarifa kama zilivyowekwa na tovuti, na tovuti nyingi ni za ovyo katika jambo hili. Kagueni hasa sehemu ya mwandishi. Chanzo cha taasisi, kwa mfano Wizara ya Elimu, kikiingizwa kana kwamba ni jina la mtu, orodha itasomeka “Elimu, Wizara ya”, kosa ambalo msimamizi yeyote ataliona papo hapo. Ndani ya Zotero, badilisheni sehemu hiyo ipokee jina moja badala ya mawili.

Msiziombe programu za akili unde ziwatungie marejeleo, kwani huweza kubuni makala yasiyokuwepo kabisa.

Mtindo wa kutumia umo katika mwongozo wa idara yenu. Atakayekwama aandike hapa kikundini na kuambatisha picha ya skrini.