Archimedes anastahili zaidi ya kisa cha bafuni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia, lakini makala ya wiki iliyopita kuhusu Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, sikuweza kuinyamazia. Ukurasa mzima, na karibu wote ni mzee anayechomoka bafuni uchi, eti akiwa ndani ya maji amegundua jinsi ya kujua kama taji la mfalme ni dhahabu tupu! Kisa hicho tumekipata kwa Vitruvius, Mrumi aliyeandika karibu miaka 200 baada ya Archimedes kuuawa Syracuse mwaka 212 KK. Archimedes mwenyewe, katika kitabu chake kuhusu vitu vinavyoelea, hataji taji wala bafu.

Linaniuma kwa sababu nimeona matokeo yake. Mjukuu wangu wa darasa la sita alirudi na mtihani unaouliza Archimedes alikuwa akifanya nini alipogundua kanuni yake. Kajibu anaoga, kapewa vema. Nikamuuliza kanuni inasemaje, kimya. Nikajaza sufuria maji hadi ukingoni, juu ya sinia, tukaliweka bakuli polepole likaelea. Maji yaliyomwagika tukayapima: uzito uleule wa bakuli. Mtoto akataka turudie na kikombe. Na kitabu chake cha shule kinamwambia pai, yaani mzingo wa duara ukigawanywa kwa kipenyo chake, ni 22/7, basi! Archimedes hakusema hivyo hata siku moja. Alichukua poligoni za pande 96, moja ndani ya duara na nyingine nje, akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ndogo kuliko 3 na 1/7. Hiyo 22/7 ni mpaka wa juu tu. Alifanya hesabu hizo bila kikokotoo, bila hata tarakimu hizi tunazotumia. Alichojivunia zaidi ni kuonyesha kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili za mcheduara (umbo la mkebe) unaolibana, na mchoro huo ndio Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, aliukuta juu ya kaburi lake mwaka 75 KK, limezingirwa na miiba. Haya yote mmekosa nafasi?

Nafasi mnayo. Kona ya hesabu ya Jumamosi mmeifuta mkaweka mikeka ya kubeti, na watoto ndio wanaoisoma.

Jumamosi ijayo toeni nusu ukurasa. Chapeni duara la kipenyo cha sentimita 14, mtoto alizungushie uzi apime mwenyewe. Atapata karibu 44. Pembeni wekeni poligoni ya pande 96. Mchoraji wenu aanze na pande sita kwa bikari, kisha agawe kila pembe ya katikati nusu kwa nusu, afanye hivyo mara nne kwa jumla.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro