Barua ya wazi kwa wanafunzi wa sheria mnaokwenda kwenye usimamizi wa polisi na serikali za mitaa

Wanangu,

Nimesikia kwamba muhula huu ukiisha baadhi yenu mtaenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye vyombo vinavyosimamia mwenendo wa polisi, na wengine kwenye ofisi za wanasheria wa halmashauri na majiji. Nimefurahi sana. Kazi hiyo nimeifanya mpaka mvi zikanijaa kichwani. Vijana wengi huiingia wakiwa na hamu ya kumnasa askari mbaya. Hamu hiyo siilaumu, ila kazi yenyewe huanzia kwenye karatasi, na nimeona haki za watu zikipotelea hukohuko kwenye karatasi.

Niwaambie habari ya shati.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini. Mama mmoja alikuja na shati la mwanawe limekunjwa ndani ya gazeti, damu imekauka kwenye kola. Alisema kijana alipigwa akiwa mahabusu. Nilimpa kiti, nikamsikiliza, nikampa pole, kisha nikalitia shati kwenye droo ya meza yangu nikisema nitalisajili kesho. Kesho yake nikatumwa kwingine. Likasajiliwa siku ya tatu. Shauri lilipoanza kusikilizwa, wakili wa askari hakuigusa habari ya damu. Aliuliza tu: siku mbili hizo shati lilikuwa wapi, na ufunguo wa droo alikuwa nao nani? Droo ile haikuwa na ufunguo. Kielelezo kikakataliwa. Yule mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa ananitazama, na hakusema neno.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu: andika kilichopo, siku hiyohiyo, bila kuongeza wala kupunguza. Saa uliyokipokea kitu, aliyekukabidhi, ulipokiweka, aliyekigusa baada yako. Mlalamikaji akisema "alinivuta mkono", usiandike "alimshambulia" kwa kuwa neno hilo linasikika vizuri kisheria. Akisema hakumbuki rangi ya gari, andika hakumbuki. Na jalada lisome lote, hata kurasa za nyuma zilizobandikwa vibaya.

Mkisoma mkakuta ripoti tano zinasema jambo moja kwa maneno yaleyale, msidhani ukweli umethibitika mara tano. Tarehe 20 Oktoba 2014, huko Chicago, askari mmoja alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Ripoti za askari waliokuwepo zilieleza habari ya kijana mwenye kisu aliyekuwa akiwasogelea. Kamera ya gari la polisi ilionyesha kijana anatembea akiwakwepa. Aprili 2015 baraza la madiwani liliidhinisha fidia ya dola milioni 5 kwa familia, wakati wananchi hawajaiona video hiyo. Ilitoka Novemba mwaka huo kwa amri ya jaji, baada ya mwandishi wa habari kwenda mahakamani kudai haki ya kupata taarifa. Mwaka 2016 madiwani wakapitisha sheria ya jiji kuunda chombo kipya cha usimamizi, COPA, badala ya kile cha zamani. Askari yule alitiwa hatiani mwaka 2018.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake mmo nyote. Anayechunguza risasi yumo. Anayeandika mkataba wa fidia, anayejibu ombi la taarifa, anayeandaa rasimu ya sheria ndogo, wote wamo, na hao ni watu wa sheria za serikali za mitaa. Kwa hiyo wale mliopangiwa halmashauri msione kama mmetupwa pembeni.

Nyinyi wa halmashauri mtajikuta mnaandaa utetezi wa jiji lililoshtakiwa, na dhamiri itawasumbua. Ni kazi ya heshima mkiifanya kwa ukweli. Someni shauri la Monell la mwaka 1978, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jiji linaweza kushtakiwa kwa ukiukwaji wa haki za mtu, lakini si kwa sababu tu limemwajiri aliyekosa; sharti ionekane madhara yametokana na sera au desturi ya jiji lenyewe. Basi lile rundo la malalamiko ya zamani kuhusu mahabusu moja, mtakaloambiwa mlipange kwa tarehe, si kazi ya ukarani. Huenda humo ndimo desturi ilimojificha. Mkiona jambo linajirudia, mwandikieni dokezo msimamizi wenu, hata kama halimpendezi mteja. Wakili mwema humwambia mteja wake palipo na ubovu kabla mahakama haijamwambia.

Siku ya kwanza, kabla hamjagusa faili lolote, ombeni sheria iliyokiunda chombo chenu. Vyombo hivi havifanani. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi nchini Kenya, imetokana na sheria ya Bunge ya mwaka 2011. IOPC, ofisi huru ya kusimamia mwenendo wa polisi ya Uingereza na Wales, ilianza Januari 2018 ikirithi chombo kingine. COPA ni mtoto wa madiwani. Kimoja kinaweza kumlazimisha shahidi kufika, kingine hakiwezi. Kimoja kinatoa uamuzi, kingine kinapendekeza tu na mkuu wa polisi anaweza kuukataa ushauri. Kwingine kuna muda wa kuleta lalamiko, na ukipita umepita. Mkimwambia mlalamikaji "tutamfukuza kazi" wakati chombo chenu hakina mamlaka hayo, mmemdanganya mtu ambaye tayari amedanganywa vya kutosha.

Kuna mtego mwingine, na huu huwanasa hasa wanaotumwa kutoa nakala. Kule Marekani, tangu hukumu ya Garrity ya mwaka 1967, maelezo ambayo askari ameyatoa kwa kutishiwa kufukuzwa kazi hayawezi kutumika dhidi yake kwenye kesi ya jinai. Hivyo uchunguzi wa nidhamu na wa jinai huwekewa ukuta. Mwanafunzi akichanganya kurasa mbili tu kati ya majalada hayo, kesi ya jinai inaweza kuanguka. Popote mtakapokuwa, ulizeni: faili hili anaruhusiwa kulisoma nani? Msione haya kuuliza mara mbili.

Askari naye ni mtu wa haki. Nimeona malalamiko ya kusingizia, na nimeona askari mwadilifu akikosa usingizi miezi minane kwa sababu mtu ofisini hakufungua bahasha iliyokuwa na maelezo ya shahidi wake. Mpigieni naye simu mliyoahidi.

Ya jaladani yabaki jaladani. Usipige picha kwa simu yako, usisimulie kwenye chakula cha mchana, usimwambie hata mchumba. Na mkipewa video za watu kuumia, msizitazame peke yenu hadi usiku. Mkiona zinawarudia usingizini, mwambieni msimamizi. Sisi wa zamani tulinyamaza, na baadhi yetu iliwagharimu afya zao.

Siku ya mwisho, kabla ya kurudisha kitambulisho, andikeni dokezo la makabidhiano kwa kila faili mliloshika: limefikia wapi, nini hakijapatikana, nani aliahidiwa simu na lini. Jina la mlalamikaji liandikwe kama anavyoliandika yeye, na mtu wa kuendelea naye atajwe. Kisha mpigieni mlalamikaji mumjulishe kwamba mnaondoka, na jina la atakayempokea akija.

Wenu,
Mzee wenu katika kazi hii